Kalamu Nyekundu Mkononi mwa Kila Mtu

Zamani, wakati maandishi ya mtu wa kawaida yalipokuwa ni barua tu, iliyotiwa katika bahasha, ikapelekwa posta na kusomwa na yule mmoja aliyeandikiwa, makosa ya herufi yalikuwa siri baina ya watu wawili, na aghalabu mpokeaji hakuyaona kabisa kwa furaha ya kupata habari za mwenziwe. Lakini katika zama hizi, ambapo kinyozi, waziri, mama ntilie na mwanafunzi wa darasa la sita wote huandika mbele ya kadamnasi moja, herufi iliyopotea njia hupata mashahidi mia kabla mwandishi hajairudisha simu mfukoni. Katika hali hiyo amezaliwa mtu ambaye wazee wetu hawakumjua, naye ni msahihishaji asiyeombwa: hana darasa, hana mshahara wala mwanafunzi, walakini kalamu nyekundu anayo, na hulala nayo chini ya mto.

Juu ya mtu huyo watu wamegawanyika, na kila upande una jibu lake la haraka. Wanaomtetea husema kwamba lugha isiyolindwa huoza, na kwamba anayeandika "kula" akikusudia "kura" leo, kesho atawarithisha watoto wake. Wanaomchukia humjibu kwa maneno mawili ambayo kila aliyekaa katika kundi la WhatsApp ameyasoma si mara moja, "Umeelewa, hujaelewa?", na akizidi kusema huambiwa kwamba hapa si shuleni. Mimi, ambaye riziki yangu kwa miaka mingi imetoka katika kusoma prufu za vitabu vya wenzangu, ilinipasa niwe upande wa kwanza bila shaka yoyote. Macho yangu hulikuta kosa katika ukurasa kama jino linavyoikuta punje ya mchanga katika wali. Hata hivyo, kadiri nilivyozidi kuusikiliza ugomvi huu, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba herufi ni kisingizio, na kwamba kinachogombewa ni nani ana haki ya kusema na nani wa kunyamaza.

Yafaa kuyatazama makosa yenyewe, maana hayako sawa, na msahihishaji wa pupa huyatia yote katika kapu moja. Liko kosa la kidole kilichoteleza, ambalo halina haja ya maelezo. Liko kosa la simu, ambayo huandikiwa neno la Kiswahili nayo, kwa kudhani inamsaidia bwana wake, ikaligeuza kuwa la Kiingereza, hata mtu akaulizwa hatia asiyoitenda. Na liko lile ambalo si kosa hata chembe, ingawa limetukanwa kuliko yote. Vijana walioanza kuandika "cjui" kwa "sijui", na "2taonana" kwa "tutaonana", walikuwa na udhuru wa uchumi, kwa kuwa ujumbe wa simu ulikuwa na nafasi ya herufi 160 tu, nao ulilipiwa mmoja mmoja, hata mtu akazipima herufi zake kama mpishi apimavyo mafuta mwisho wa mwezi. Lakini "xaxa" kwa "sasa" na "xana" kwa "sana" hazikupunguza hata herufi moja; hesabu ni ile ile, nne kwa nne. Kwa hiyo x ile ilikuwa pambo, mfano wa kofia iliyovaliwa upande, na aliyemwambia kijana kwamba "sasa" haiandikwi kwa x alimweleza jambo ambalo kijana alilijua tangu darasa la kwanza, na ambalo ndilo hasa lililomfanya aiandike hivyo. Wengi wa vijana wale sasa ni wazazi, wanaandika "sasa" kama watu wengine, na kofia zao wamezinyosha wenyewe.

Kosa la ulimi ni jambo jingine, nalo linahitaji insafu zaidi. Lugha nyingi za bara hazitengi sauti ya r na ya l, na mtu aliyelelewa katika lugha hizo huzisikia kama pacha wawili waliovaa kanzu moja. Ndiyo sababu twasoma "mahari pa mkutano" na "nimeenda kupiga kula", na twacheka, kwa kuwa mahari ni mali itolewayo kwa bibi arusi, na kula hakuhitaji kadi ya mpigakura. Wengine huidondosha h, wakaandika "apa" na "abari za asubui", kisha, kwa hofu ya kuidondosha, wakaiweka isipotakiwa, wakashukuru kwa "hasante". Wengine tena hawana dh, th wala gh vinywani mwao, hivyo dhahabu huwa "zahabu", thelathini huwa "selasini", na kitu ghali huwa "gali". Makosa ya namna hii humtaja mtu kwao kabla yeye hajajitaja. Anayeyacheka hadharani husema kwamba anatetea sarufi, lakini ukisikiliza kicheko chake kwa makini utasikia ndani yake swali la kale la njiani: wewe kwenu wapi?

Lugha yetu yenyewe imekwisha kuyapambanua mambo haya kwa maneno yake, ila sisi tunayatumia bila kuyasikiliza. Kusahihisha kumetokana na sahihi, na sahihi katika Kiarabu ni ndugu wa tumbo moja na siha, yaani afya. Hivyo msahihishaji, kwa asili ya jina lake, ni tabibu, na kazi yake ni kulirudishia neno uzima wake. Kukosoa ni la Kibantu kwa umbo, limejengwa kama kufungua linavyojengwa juu ya kufunga, na maana yake ya dhati ni kuliondoa kosa, kama mtu aondoavyo mwiba. Bahati mbaya matumizi yamelishusha, na leo anayekosoa hudhaniwa kuwa anatafuta ila. Kuumbua ni kumvua mtu umbo lake mbele za watu. Na kusuta, ambako wanawake wa pwani walikufanya kuwa sanaa yenye siku yake, nguo zake na ngoma yake, ni kumwendea aliyekosa kwa shangwe ili mtaa mzima ujue. Ukiyapanga maneno haya manne, kisha ukasoma majibizano ya usiku mmoja mtandaoni, utaona kwamba wengi wanaojiita wasahihishaji ni wasutaji, isipokuwa hawana hata ngoma ya kutufurahisha.

Sasa tuiulize kalamu nyekundu yenyewe ilitoka wapi. Kiswahili sanifu, ambacho msahihishaji hukitaja kana kwamba kilishuka pamoja na mvua za vuli za kwanza, kina umri ambao wazee wachache walio hai wanauzidi. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulitaka lahaja moja iwe ya vitabu vya shule. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambao mtaalamu wa Kijerumani Carl Meinhof alihudhuria, uliichagua Kiunguja na kuiacha Kimvita, ingawa Kimvita ndiyo iliyokuwa na hazina kubwa ya mashairi na wenyeji wa mji wenyewe walikuwa wasemaji wake. Na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, yenye Frederick Johnson kuwa katibu, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1939, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Kamati hiyo ndiyo iliyoamua neno hili liandikwe pamoja na lile liandikwe mbali, na kitabu cha shule hakikupita bila ya kibali chake; nayo kwa miaka mingi ya mwanzo haikuwa na kiti cha Mwafrika hata kimoja. Sisemi haya ili kuitukana kazi yao, maana tunayala matunda yake kila siku, na mimi zaidi ya wengi. Nasema ili anayemwambia mwenziwe "hujui lugha yako" akumbuke kwamba kanuni anayoitumia kumpigia iliandikwa mezani, na watu waliojifunza lugha hiyo ukubwani.

Wala kanuni zenyewe hazikukaa pahala pamoja. Wazee wa pwani waliandika "khabari", "kheri" na "khatari", kwa kuwa ndivyo walivyotamka na ndivyo Kiarabu kilivyowapa. Kh ile ikapungua katika vitabu, zikabaki habari, heri na hatari, na leo anayeandika "abari" hurudiwa kwa ukali na mtu ambaye babu yake angalimrudi yeye kwa ukali huo huo, akimwuliza kh ameipeleka wapi. Kadhalika dh, ambayo mtu wa bara huchekwa kwa kuikosa. Ndani ya dh moja tumezika herufi tatu za Kiarabu, dhali ya dhahabu, dhadi ya ardhi na dha ya adhuhuri, ambazo mwenye lugha yake huzitenga kwa ulimi na kwa sikio. Sisi tumezisawazisha, na hakuna aliyetuita wajinga, kwa sababu tulikuwa wengi na tulifanya pamoja. Mtu wa bara anayeandika "zahabu" amekwenda hatua moja tu mbele katika njia ambayo sisi tumekwisha kuikanyaga. Nitaendelea kumwekea dh yake katika prufu, maana hiyo ndiyo kazi yangu na ndiyo kaida iliyokubaliwa, lakini sitajifanya kuwa baina yangu na yeye kuna ukuta wa elimu, ilhali lililopo ni tofauti ya wakati na idadi.

Ukirudi nyuma zaidi, kwenye karne ambazo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama ulivyoandikwa Utenzi wa Tambuka kule Pate mwaka 1728, utakuta jambo la ajabu zaidi. Herufi zile hazikuwa na p, wala v, wala ch. Na irabu zake tatu hazikutosha kutenga e na i, wala o na u. Neno "penda" na neno "pinda" yaliweza kuandikwa kwa sura moja, na "pata" ikafanana na "bata", hata msomaji ndiye aliyeamua kama mshairi anapata au anafuga. Wako waalimu waliobuni alama za kuongeza, hususan Mombasa, lakini kwa muda mrefu mno kusoma Kiswahili kulikuwa ni kumsaidia mwandishi: msomaji alileta nusu ya neno kutoka kichwani mwake, wala hakuona kuwa amedhulumiwa. Sitaki kuirudisha hali hiyo, ambayo ilikuwa na taabu zake nyingi. Lakini nikiona mtu wa leo anashindwa kuelewa "nimefika apa" mpaka apewe h, hukumbuka wasomaji wale, na nasikitika kidogo.

Wala si kila anayesahihisha anakijua anachokisahihisha. Niliona siku moja mtu wa Mombasa akimwandikia mwenziwe, "ndoo kwetu jioni", na mtu mwingine wa mbali, ambaye hakuulizwa neno, akaingilia kwa kicheko, akataka kujua kama ndoo hiyo ni ya plastiki au ya bati. Aliyecheka hakujua kwamba kwa Kimvita njoo ni ndoo, njia ni ndia, na mchele ni mtele, na kwamba kwa lugha hiyo Muyaka bin Haji alitunga mashairi Mombasa kabla shule yoyote ya serikali haijajengwa katika nchi zetu. Mtu wa Unguja naye huandika "ambae" na "aliesema", akarudiwa na mwanafunzi wa bara kwamba sharti iwe "ambaye" na "aliyesema". Na kwa kaida ya vitabu mwanafunzi ana haki, ila ni haki ya kuchekesha, kwa kuwa lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928 ni ya huyu anayerudiwa. Uko na mzaha ambao kila mtu wa Afrika Mashariki ameusikia, kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Mzaha ni mzuri, na aliyeubuni alikuwa na kipaji. Lakini maiti huyo aliyezikwa Kongo huamka kila asubuhi Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani, akaenda sokoni, akanunua, akauza, akaimba, akagombana, naye ni moja ya lugha nne za taifa katika nchi ile. Maiti wa namna hiyo yafaa kuombewa dua ya umri mrefu.

Huenda mtu akauliza kwa nini basi ladha ya kusahihishwa ni chungu hivyo, hata mtu mzima akaacha kundi la jamaa zake kwa ajili ya herufi moja. Nadhani jibu liko darasani. Wengi wetu tulizikuta kanuni za lugha mahali pale pale tulipokikuta kiboko, na wino mwekundu haukuja peke yake. Ulikuja na kusimamishwa mbele ya wenzio, na kusomewa kosa lako kwa sauti ya kuigiza. Basi anayemsahihisha mtu wa miaka arobaini mtandaoni humrudisha katika kaptula yake, bila kujua. Zaidi ya hayo, katika mila zetu mdogo hamrudi mkubwa waziwazi. Akilazimika, hutanguliza shikamoo, akaomba radhi, akalizunguka neno kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Mtandao umeuondoa umri usoni mwa watu. Kijana wa miaka kumi na minane humwambia mtu wa makamo ya babaye "rudi shule", naye lau angalikutana naye barazani angalimpisha kiti.

Na upo upotofu mwingine katika hisia zetu, ambao sina subira nao. Anayekosea Kiingereza huchekwa mpaka ajute kuzaliwa, nasi tumempa na jina, kwamba Kiingereza chake ni cha kuombea maji; lakini mkubwa anayekosea Kiswahili jukwaani hupigiwa makofi, hasa nchini Kenya, ambako kukivuruga Kiswahili kumekuwa karibu ni alama ya ukunjufu, na anayekisema kikamilifu huulizwa kama anasoma taarifa ya habari. Yaani lugha ya kigeni twaiogopa kwa makosa yake, na ya kwetu twaiogopa kwa usahihi wake. Mtangazaji husema "nyimbo hii mpya", ilhali wimbo ni mmoja, na hakuna anayepiga simu studio. Jirani akiandika hivyo katika ukurasa wake, hushambuliwa na watu kumi.

Yapo kadhalika masahihisho ambayo hayana haja na lugha kabisa. Mtu ameeleza, kwa herufi zilizopinda, kwamba fedha za mradi wa maji hazionekani, au kwamba zahanati haina dawa, naye mwenye kutakiwa jibu, au rafiki yake, badala ya kujibu habari ya fedha, hujibu habari ya herufi: "Kwanza jifunze kuandika." Hoja inabaki imesimama palepale bila kuguswa, lakini mwenye hoja amekwisha kuketishwa, na watazamaji wamecheka. Kipimo changu katika mambo haya ni chepesi. Nikiona mtu ameijibu hoja na kisha akaligusa neno, namdhania heri. Nikiona ameligusa neno akaikimbia hoja, najua kwamba kalamu ile ni ngao.

Hata hivyo wanaosema "umeelewa, hujaelewa?" nao wamejipunja, maana wanamfikiria msomaji mmoja tu, yule aliye mbele yao, mwenye kuzijua desturi za kinywa chao. Mimi nimeelewa kwamba kula yako ni kura, kwa sababu nimekaa nawe. Lakini maandishi huenda mbali kuliko mkono, na Kiswahili leo husomwa na mtu wa Bujumbura, na wa Kigali, na mtoto aliyezaliwa ughaibuni ambaye husoma neno moja moja huku kamusi ikiwa imefunguliwa. Huyo akikutana na "kula" hatapata kura ndani yake hata akilitikisa neno namna gani. Usanifu wa tahajia, pamoja na aibu zote za kuzaliwa kwake, ni takrima kwa mgeni. Tena yako maandishi ambayo huruma haifai kuingia ndani yake: wasia, hati ya shamba, hukumu, na maelezo ya dawa. Baina ya "mtoto apewe" na "mtoto asipewe" ipo silabi moja, na anayeiona imekosekana akanyamaza kwa kuogopa kuitwa mjuaji, adabu yake hiyo haina faida kwa mtu.

Nalitaja sasa jambo ambalo lilinifanya niandike haya. Katika mtaa wetu tuna kundi la WhatsApp la watu sitini na kitu, la habari za maji, za wezi na za misiba. Alfajiri moja mama mmoja muuza maandazi, ambaye hata siku moja hakuwahi kuandika humo zaidi ya kuitikia salamu, aliandika: "Jamani baba watoto amefaliki saa kumi alfajili naombeni msaada wa gali." Kabla hajajibiwa na mtu, kijana mmoja, msomi, si mtu mbaya, akaweka chini yake maneno matatu, kila moja na kinyota chake mbele, kama ilivyo desturi ya wasahihishaji: *amefariki *alfajiri *gari. Na mimi, nikiwa nimeishika simu kitandani, nakiri kwamba nilikuwa nimeyaona makosa yale matatu kabla sijauona msiba. Kijana alinitangulia kwa kidole tu. Kwa muda ambao ulionekana mrefu sana hakuna aliyeandika. Kisha yule mama akaandika tena: "Asante mwanangu. Gali limepatikana."

Wanazuoni wetu wamekwisha kutufundisha kutenga nasaha na fedheha, na mpaka walioupiga baina yake si wa ukweli wa neno, maana yote mawili yaweza kuwa kweli, ila ni wa mahali linaposemwa: la faraghani ni nasaha, la hadharani ni fedheha. Mpaka huo ni mzuri, nao huwatosha watu wengi katika siku nyingi, kwa kuwa kila simu ina mlango wa faragha, na ujumbe wa kificho haugharimu zaidi ya ule wa wazi. Walakini nimeona mahali pamoja ambapo kosa husahihishwa kwa sauti, mbele ya jamaa nzima, wala hakuna anayefedheheka, napo ni katika sala. Imamu akisahau aya, au akateleza, maamuma aliye nyuma yake huisoma ile aya kama ilivyo. Hamwambii kwamba amekosea, hataji kosa lilikuwa nini, hutoa maneno yaliyo sawa na kunyamaza, naye imamu huyapokea akaendelea, na baada ya kutoa salamu hakuna anayelizungumza. Wote wawili wameelekea upande mmoja, na hakuna anayemtazama mwenziwe usoni. Nimewaona watu wachache wanaofanya mfano wa hayo mtandaoni, aghalabu ni waalimu wastaafu: mtu akiwaandikia "abari za asubui", huitikia "Habari za asubuhi ni njema kabisa, mwanangu, sijui ninyi huko", na h mbili zimekwisha kurudi mahali pake bila mtu kuvuliwa nguo.

Lakini adabu hiyo ni ya baina ya watu. Sioni kwa nini tuipe taasisi. Aliyelipwa kuandika, aliyechapisha kwa fedha za umma, aliyepandisha bango juu ya barabara kuu akitaka tununue, aliyekalia kipaza sauti kinachosikika mikoa yote, huyo amekwisha kujitoa faraghani mwenyewe, na kosa lake ni halali kusemwa waziwazi, kwa jina la kosa na kwa mahali lilipo. Taifa la Tanzania lina baraza la lugha kwa sheria ya mwaka 1967, na nchi jirani zina vyama na waalimu wake, lakini vyombo hivyo haviwezi kuwa na macho katika kila ukuta; raia wanayo. Sisi tumeigeuza kazi hii juu chini, tukawa wakali kwa muuza maandazi na wapole kwa shirika.

Nami nimejaribu kuitenda hiyo ninayoihubiri. Katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, palikuwa na kibao kilichosema HARUHUSIWI MTU KUPITA BILA KIBARI. Nilikisoma miezi mingi. Hatimaye nilimwendea karani, kijana mwenye heshima, akanipa shikamoo na kiti, nikamweleza kwamba ni kibali, kwa l. Akanishukuru, akaandika katika daftari, akasema atalifikisha kwa mkubwa wake. Nilipokwenda tena baada ya muda nilikuta kibao kipya, cha rangi nzuri ya buluu, herufi zake zimechorwa na fundi mwenye mkono thabiti: HARUHUSIWI MTU KUPITA BIRA KIBALI. Nikasimama mbele yake kwa muda, hata askari wa mlangoni akaninyoshea mkono.

"Mzee, unacho?"

Nikamwuliza nini.

"Kibali," akasema, kwa l safi kabisa.

Nikampa, akakisoma, akanirudishia, nikapita.